Kiraka cha Pikseli Moja

Nililiburuta dirisha la programu yetu kutoka kwenye skrini ya kompyuta mpakato, iliyokuwa imekuzwa kwa asilimia 150, hadi kwenye skrini ya nje iliyokuwa katika asilimia 100, na theluthi ya kulia ya upau wa zana ikabaki tupu. Hapakuwa na ujumbe wa kosa, wala programu haikuganda. Vitufe vya kufungua faili, kuhifadhi na kuchapisha vilikuwa mahali pake, lakini kuanzia pale kilipopaswa kuwapo kitufe cha kutendua palikuwa na kijivu kitupu hadi ukingoni. Nilipopitisha kishale cha kipanya juu ya utupu ule, ikoni zilijitokeza moja baada ya nyingine, kila moja pale kishale kilipoigusa, na hazikupotea tena.

Siku chache kabla ya hapo tulikuwa tumehamia toleo jipya la maktaba tunayoitumia kujengea madirisha na vitufe. Katika orodha ya mabadiliko ya toleo hilo palikuwa na sentensi tuliyoisubiri kwa muda mrefu: upau wa zana sasa hujipima na kujichora upya ipasavyo dirisha linapohamia skrini yenye ukuzaji tofauti.

Hitilafu ilikuwa imerekebishwa, nasi ndipo tulipoanza kuiona.

Nimelitafakari jambo hilo kwa wiki kadhaa, hata nilipokuwa nikishughulika na mambo mengine, kwa sababu lilinilazimisha kujiuliza tunafanya nini hasa tunapoizunguka kasoro iliyomo katika msimbo wa watu wengine.

## Kitufe kipo, ila hakionekani

Malalamiko kwamba upau wa zana hauonekani vizuri huficha kasoro za aina nyingi, na kila aina ina chanzo chake. Mimi huanza kwa kutenganisha mambo matatu: hali, yaani programu kujua kwamba kitufe kipo na kimewashwa au kimezimwa, mpangilio, yaani mstatili ambao kitufe kimepewa, na uchoraji wenyewe. Kishale kinaporudisha ikoni zilizopotea, mawili ya kwanza yamekwisha kujibiwa. Upau ulijua kitufe gani kiko chini ya kishale, ulijua mipaka yake, na ulikiangazia kama kawaida kwa kukichora hicho peke yake. Kilichokosekana ni uchoraji wa awali tu.

Dalili nyingine husema mambo mengine. Ukibofya kitufe kimoja kikaitika cha jirani, tatizo liko kwenye mpangilio: picha imechorwa kwa vipimo vya zamani huku mistatili imekwisha kupigiwa hesabu upya. Ikoni zikiwa na ukungu, tazama ukuzaji, kwa kuwa picha ya pikseli 16 katika asilimia 125 inahitaji pikseli 20, na huwezi kuivuta 16 ikafika 20 bila ama kurudia kila pikseli ya nne ama kuzichanganya rangi za jirani. Ikoni zikizungukwa na ukingo wa waridi, mara nyingi kuna picha ya zamani iliyotumia rangi moja kali kuwakilisha uwazi, kisha mtu akailainisha kingo. Pikseli zilizokaribia rangi ile bila kulingana nayo hazifutwi, zikabaki kama vumbi. Ikoni zikitokea juu ya weusi, taarifa za uwazi zilizo ndani ya picha ya biti 32 zimepotea njiani.

Natofautisha hivi kwa sababu dawa inayotolewa huwa ni moja kwa zote: chora kila kitu upya.

Kwa kasoro yetu nilitumia mbinu ya zamani ambayo sijaona inayoizidi. Niliupaka upau wenyewe rangi nyekundu, na ile turubai ya kumbukumbu, ambayo picha huchorwa kwanza kabla ya kunakiliwa kwenye skrini, nikaipaka kijani. Theluthi mbili za kushoto zilitoka kijani chini ya ikoni, na theluthi ya kulia ikatoka nyekundu tupu. Turubai ilikuwa fupi kuliko upau.

Theluthi moja kamili ilinipa jibu nusu. Tuseme dirisha lenye upana wa pikseli 1,500 katika asilimia 150 linahamia asilimia 100: upana wake mpya ni 1,000. Ukigawanya tena kwa moja na nusu, unapata 667, na kinachobaki bila kuchorwa ni theluthi. Kulikuwa na mtu aliyefanya hesabu ya ukuzaji baada ya hesabu hiyo kuwa imekwisha kufanywa.

## Mstari usioguswa

Mtu huyo tulikuwa naye ndani ya msimbo wetu. Katika sehemu inayopokea WM_DPICHANGED, ujumbe ambao Windows huutuma ukuzaji unapobadilika, palikuwa na mistari michache iliyochukua upana wa dirisha, ikaubadilisha kufuata ukuzaji mpya, ikaongeza pikseli moja, kisha ikalirudisha dirisha kwenye upana wake sahihi. Kipande hichohicho kiliitwa pia programu inapofunguka. Juu yake paliandikwa: "Usiondoe. Upau wa zana hupotea." Kumbukumbu za mabadiliko zilisema tu kwamba yalikuwa marekebisho ya upau, na aliyeyaandika alikwishaondoka zamani.

Nilimuuliza mwenzangu aliyekaa na msimbo huo kuliko mimi.

"Ukiondoa, upau unapotea," aliniambia.

"Unapotea kwa nini?"

"Hilo sijui. Najua tu kwamba unapotea."

Maktaba ya zamani haikupima chochote upya, kwa hiyo hesabu yetu ilikuwa ndiyo pekee. Maktaba mpya ilipoanza kufanya kazi hiyo, kiraka chetu kiliirudia juu yake. Turubai ikatengenezwa kwa upana wa kile kipindi kifupi cha katikati, na dirisha liliporudi kwenye upana wake, maktaba ikaona kwamba mabadiliko ya ukuzaji yamekwisha kushughulikiwa.

Kiraka cha kutikisa dirisha kwa pikseli moja kinafahamika popote zinapoandikwa programu za mezani, na ninaelewa kwa nini kinapendwa. Kubadilisha ukubwa wa dirisha hulazimisha kila kilichomo kupimwa na kuchorwa upya, kwa hiyo kiraka hiki hufanya kazi bila mwandishi wake kulazimika kujua ni kipande gani kilichokosewa. Zamani hata kutikisa hakukuhitajika sana. Katika Windows XP, dirisha lililofunikwa na jingine kisha likafunuliwa lilitumiwa ujumbe wa kujichora upya, na kasoro nyingi zikajifuta zenyewe mtumiaji alipokuwa akihama kati ya madirisha. Windows Vista ilipokuja na mfumo wa kuyahifadhi madirisha kila moja katika kumbukumbu yake na kuyaunganisha baadaye, kufunuliwa hakukuleta tena ujumbe huo, na tangu Windows 8 mfumo huo hauzimiki. Kilichokosewa kuchorwa hubaki hivyo hadi kitu kingine kikiguse.

Hata hivyo, upana wa nguvu za kiraka hiki ndio upana wa madhara yake. Kwa ule muda mfupi ambao dirisha lina vipimo visivyo vyake, kitufe cha mwisho hukosa nafasi, kikasukumwa kwenye menyu ya ziada, kisha kikarudishwa. Mwenye kuona huona mmweko, pengine asiuone kabisa. Niliwasha NVDA, kisoma skrini cha bure, yaani programu inayowasomea wasioona yaliyo kwenye skrini, ambacho Michael Curran alianza kukijenga mwaka 2006, nikakipeleka kiteuzi cha kibodi kwenye kitufe cha mwisho, kisha nikahamisha dirisha kati ya skrini mbili. Kisoma skrini kilitaja jina la dirisha upya, na kiteuzi kikaangukia mwanzo wa hati. Anayefanya kazi kwa kusikiliza alikuwa ametolewa mahali alipokuwa, bila kugusa chochote na bila kuambiwa sababu.

Tangu hapo nimekataa kuiita kasoro ya upau jambo la urembo.

## Nilipouondoa

Nilikiondoa kipande kile chote, na theluthi iliyokosekana ikarudi. Kama habari ingeishia hapo nisingeandika makala haya. Anayetujaribia programu aliifungua kupitia kikao cha mbali, yaani akiwa kwenye kompyuta moja na programu ikitendeka kwenye nyingine, na upau wote ukatokea mtupu tangu mwanzo.

Kwa hiyo onyo lilikuwa la kweli. Upau ulipotea.

Hapa ndipo nilipositasita kuliko mahali pengine popote. Windows inaweza kuulizwa kwa mstari mmoja kama programu inaendeshwa katika kikao cha mbali. Ukiiita GetSystemMetrics kwa SM_REMOTESESSION unapata jibu papo hapo. Ningeweza kuurudisha mtikiso wa pikseli moja kwa hali hiyo tu, funika kombe mwanaharamu apite, na hakuna mtumiaji wa skrini mbili ambaye angeumia tena. Lakini ningekuwa nimehamisha ujinga uleule kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na watumiaji wa visoma skrini walio kwenye vikao vya mbali wangeendelea kulipa gharama.

Nilirudi kwenye nyaraka za upau wa zana wa Windows wenyewe, kwa sababu maktaba yetu imekaa juu yake. Humo, katika maelezo ya TBSTYLE_FLAT, mtindo wa upau bapa ambao vitufe vyake huwa wazi hadi viguswe, kuna sentensi inayosema kwamba ili kuepuka matatizo ya uchoraji, mtindo huo uwekwe kabla upau haujaonekana. Nikafungua msimbo wetu. Upau ulitengenezwa, ukaonyeshwa, kisha mapendeleo ya mtumiaji yakasomwa kutoka kwenye faili, na hapo ndipo mtindo ulipowekwa. Kwenye kompyuta ya kawaida ujumbe mwingine uliofuata uliufanya upau uchorwe tena kabla jicho halijatambua; katika kikao cha mbali ujumbe huo haukuja kwa mfuatano uleule.

Nilihamisha mistari miwili juu ya mmoja. Upau ukaonekana.

Sehemu kubwa ya kile tulichokiita kasoro ya maktaba ilikuwa ni mpangilio wa hatua katika msimbo wetu, na mtikiso wa pikseli moja uliwazuia wote waliofuata kuligundua hilo, kwa sababu dalili pekee iliyoweza kuwaongoza ilikuwa imefutwa. Hili ndilo ninalolishikilia sasa kwa nguvu: kiraka kisichosema kinaamini nini kuhusu kasoro hakiwezi kukosolewa, na kisichoweza kukosolewa hakiondoki.

Ilibaki hali moja. Mtumiaji akikata kikao cha mbali kisha akaunganisha tena kutoka kwenye kompyuta yenye ukuzaji tofauti, turubai ilibaki na upana wa zamani. Niliandika programu ndogo isiyo na chochote chetu, dirisha moja na upau wenye vitufe vichache, na kasoro ikatokea vilevile. Hii ilikuwa ya maktaba kweli, na kwa hii kiraka kilistahili.

## Kiraka kinachodai kidogo

Mfano wa kiraka ninaoupenda ni wa hadharani na wa miaka mingi. Katika Windows Forms, maktaba ya Microsoft ya kujengea madirisha, upau wa zana uitwao ToolStrip, uliokuja na .NET Framework 2.0 mwaka 2005, huacha mstari mweupe chini yake unapochorwa kwa mtindo wa mfumo. Wasanidi wamezoea kuirithi ToolStripSystemRenderer, sehemu inayouchora upau huo, na kuandika upya OnRenderToolStripBorder, kazi inayochora mpaka wake, ikiwa tupu, isichore kitu. Hakuna kutikisa dirisha, hakuna taima ya kusubiri upau utulie, hakuna kuuvunja upau na kuujenga upya. Kiraka kinakaa palepale kasoro ilipo, na kasoro ikirekebishwa kesho, hakitaharibu chochote zaidi ya kuzuia mpaka ambao hakuna aliyeutaka.

Cha kwetu kilikuwa kigumu kidogo kuliko hicho. Programu hujiandikisha kupokea WM_WTSSESSION_CHANGE, ujumbe wa Windows unaoarifu hali ya kikao inapobadilika, na kikao kinapounganishwa tena, huiagiza maktaba itengeneze turubai ya upau peke yake na kuomba mstatili wa upau uchorwe. Dirisha haliguswi, na kiteuzi cha kibodi hubaki kilipokuwa.

Swali lililonichukua muda ni lini kiraka kinyamaze. Jibu la haraka ni kukagua toleo: ikiwa maktaba ni ya kabla ya toleo fulani, tenda, vinginevyo, acha. Siliamini jibu hilo, na historia ya pau za zana inanipa sababu. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, comctl32, faili ya mfumo inayobeba upau wenyewe, inaweza kuwapo kwenye kompyuta moja katika matoleo 5.82 na 6.0 kwa wakati mmoja, na manifesti ya kila programu, yaani tamko linaloambatana nayo kuueleza mfumo mahitaji yake, ndiyo inayoamua lipi lipakiwe. Kulijua toleo la Windows hakukwambii upau gani unachora. Na hata toleo la Windows lenyewe halijibiwi sawa kwa kila anayeuliza: kuanzia 8.1, programu ambayo manifesti yake haijatamka kwamba inaufahamu mfumo huo mpya ikiita GetVersionEx, kazi ya kuuliza toleo la Windows, hujibiwa 6.2, nambari ya Windows 8. Mfumo hufanya hivyo kuzilinda programu za zamani zilizokagua nambari vibaya. Zaidi ya hayo, marekebisho hurudishwa nyuma kwenye matoleo ya zamani, na kasoro zilizozikwa hufufuka katika mapya.

Kwa hiyo kiraka chetu hukagua tabia. Kikao kinapounganishwa, hulinganisha upana wa turubai na upana wa upau. Vikilingana, hakifanyi kitu. Siku maktaba itakapojirekebisha, vitalingana kila mara, na kiraka kitabaki kimelala bila kugombana na mtu.

## Jaribio linaloanguka habari inapokuwa njema

Kulala hakutoshi, kwa kuwa msimbo uliolala nao husomwa na huwachanganya watu. Nilitaka kujua siku ambayo hauhitajiki. Mifumo mingi ya majaribio huruhusu kutangaza kwamba jaribio fulani linatarajiwa kushindwa, na kulihesabu kuwa tatizo likifaulu. Python ina expectedFailure katika unittest yake kwa kazi hiyo. Tuliandika jaribio linalokizima kiraka, likaigiza kuunganishwa upya kwa kikao, kisha likatazama kama kila kitufe kimechorwa. Leo linashindwa, na ndivyo tunavyotaka. Likifaulu, ujenzi wa programu husimama na jina la kiraka hutajwa.

Kutazama kama kitufe kimechorwa kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Njia iliyo karibu ni PrintWindow, inayotoa picha ya dirisha, kisha unahesabu rangi ndani ya mstatili wa kila kitufe. Ukikuta rangi moja tu, hakuna ikoni. Nilifanya hivyo, na vitufe vyote vikaonekana vizuri huku kwenye skrini pakiwa patupu. Sababu ni kwamba PrintWindow huliomba dirisha lijichore upya kwenye picha utakayopewa. Kipimo kilikuwa kinatibu ugonjwa kabla ya kuupima. Ilibidi picha ichukuliwe kutoka kwenye skrini yenyewe, kwa kunakili kile kilichokwisha kuonyeshwa, bila kuliuliza dirisha chochote.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu linawahusu hata wasioandika majaribio. Ukiichunguza kasoro ya uchoraji kwa kusogeza kipanya, kubadilisha ukubwa wa dirisha au kufungua zana juu yake, unaweza kuifuta kwa kule kuitazama, ukaandika kwamba haikutokea tena.

## Shaka niliyobaki nayo

Kiraka kizuri kina hatari ambayo kiraka kibaya hakina: huondoa haraka ya kutoa taarifa. Watumiaji wetu hawalalamiki, nasi hatuna tena sababu ya kuwasumbua wanaotunza maktaba, wakati kila timu nyingine inayoitumia inaandika kiraka chake gizani. Tuliamua kwamba hakuna kiraka kinachoingia bila taarifa kutumwa kwanza, ikiwa na programu ndogo inayoonyesha kasoro, na kiungo cha taarifa hiyo kikaandikwa juu ya kiraka.

Sina uhakika kama hiyo ni haki kwa pande zote. Watunzaji waliporekebisha hesabu ya ukuzaji, walituvunja sisi tuliokuwa tumeegemea ukosefu wake, na hawakufanya kosa lolote. Wajenzi wa Windows 95 waliwahi kukabiliana na hali ya namna hiyo kwa mzigo mzito zaidi: mchezo wa SimCity uliendelea kusoma kumbukumbu uliyokwisha kuiachia, jambo ambalo mfumo wa awali ulilivumilia, nao wakaweka ndani ya mfumo mpya namna maalumu ya kugawa kumbukumbu kwa ajili ya mchezo huo. Ni ukarimu mkubwa kwa watumiaji. Siwezi kuudai kutoka kwa watu wachache wanaotunza maktaba kwa muda wao wa ziada, na ndiyo maana naona wajibu wa kuandika viraka vinavyovumilia kurekebishwa uko upande wetu.

Kazi haijaisha. Mtikiso wa pikseli moja bado upo kwenye dirisha la hakikisho la uchapishaji, ambako upau hupotea kwa namna ambayo sijaipatia chanzo. Sikuuondoa. Yale maneno ya "usiondoe" nimeyabadilisha kwa aya inayoeleza kasoro inaonekanaje, kwenye ukuzaji upi na kadi zipi za michoro, ni dhana zipi nimekwisha kuzikanusha, na ni jaribio lipi litakaloanguka siku mtikiso huo utakapokuwa hauna kazi.